Baba Olivia, rubani wa vita



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja alitusimulia kwamba kwenye avenue yao kuna watoto watatu wenye homa, macho mekundu na vipele. Mwenzake aliyekaa karibu akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa anachagua: "Ni surua tu, itapita." Hakuna aliyemkemea. Nusu yetu tumelelewa na neno hilo hilo. Lakini tuliporudi nyumbani lile "tu" lilikataa kutoka rohoni, na ndiyo sababu ukurasa wetu wa wazazi, ambao juma hili ulikuwa uzungumze juu ya akiba, unamkumbuka baba mmoja aliyekufa zamani huko Uingereza.

Jina lake ni Roald Dahl. Watoto wetu wanaosoma Kifaransa vizuri wanamjua bila kujua kwamba wanamjua: ndiye aliyeandika kitabu cha Charlie na kiwanda cha chokoleti, na kile cha Matilda, msichana mdogo anayependa vitabu. Kabla ya vitabu alikuwa askari wa anga. Kwetu angeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana sisi. Basi tumwite Baba Olivia.

Tunajua neno "rubani wa vita" halipendezi masikioni mwetu. Hapa Kivu, mtu akisikia ndege inanguruma chini chini, hatazami kwa furaha. Anahesabu watoto wake kwanza. Hatutaki kumfanya mtu kuwa shujaa kwa sababu alirusha risasi. Tutapita haraka kwenye vita vyake, ingawa hatuwezi kuviruka, maana ndivyo vilivyomfanya awe mtu asiyekaa mikono mitupu mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Alizaliwa mwaka 1916 huko Wales, na wazazi wake walikuwa watu wa Norway. Alipokuwa na miaka 3, dada yake Astri alikufa kwa ugonjwa wa tumbo akiwa na miaka 7. Majuma machache baadaye baba yao naye akafa. Mama, Sofie Magdalene, akabaki mjane katika nchi isiyo yake, na nyumba iliyojaa watoto na tumbo lenye mimba. Wajane walio kati yetu hawahitaji kuelezwa. Aliwalea wote. Tangu Roald alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka 9, alimwandikia mama yake barua karibu kila juma, na aliendelea hata akiwa mtu mzima, hata vitani. Mama huyo alizitunza zote, zaidi ya 600, amezifunga vizuri kwa utepe, na hakumwambia mwanawe. Alizikuta mama amekwisha kufa.

Mwaka 1938 alikuja Afrika, akafanya kazi ya kampuni ya mafuta huko Dar es Salaam. Huko alijifunza Kiswahili, hiki hiki tunachoandika hapa, ingawa cha pwani. Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa mrefu karibu mita 2, na kwenye kile kindege cha kujifunzia kichwa chake kilitokeza nje. Alijifunza, akafaulu.

Tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka 1940 alitumwa kupeleka ndege kwenye kikosi chake katika jangwa la Misri. Aliutafuta uwanja aliokuwa ameelekezwa, asiuone. Jua lilikuwa linazama na mafuta yanakwisha, akajaribu kutua jangwani, ndege ikajigonga na kushika moto. Fuvu la kichwa lilipasuka. Alijikokota nje ya moto, na kwa majuma kadhaa hakuona kitu kwa macho yote mawili. Alilazwa hospitalini Alexandria kwa miezi. Mwanzoni mwa 1941 alipona, akarudishwa kwenye ndege, safari hii huko Ugiriki. Tarehe 20 mwezi wa 4 ndege chache za Waingereza zilipigana juu ya mji wa Athènes na ndege nyingi mno za Wajerumani. Wenzake kadhaa walikufa siku ile, yeye akarudi chini mzima. Miezi michache baadaye maumivu ya kichwa yalimzidi angani, hata akawa hatarini kuzimia akiendesha, wakamrudisha kwa mama yake.

Ishikeni ile tarehe ya 20 mwezi wa 4. Miaka 14 baadaye, siku ile ile, mwaka 1955, mtoto wake wa kwanza alizaliwa. Wakamwita Olivia.

Mke wake alikuwa Patricia Neal, mwigizaji wa sinema wa Marekani. Walizaa watoto 5: Olivia, Tessa, Theo, Ophelia na Lucy. Patricia alikuwa akisafiri kwa kazi zake, na baba, aliyeandika nyumbani katika kibanda kidogo kilichojengwa bustanini, ndiye mara nyingi aliyekuwa karibu na watoto. Sisi hatukuzoea kusoma habari za baba wa namna hiyo, tena wa wakati ule. Alikuwa akiwaandikia binti zake majina yao kwenye majani ya bustani kwa dawa ya kuua magugu, kisha anawaambia ni viumbe wa ajabu waliopita usiku. Baadaye, wadogo walipokuwa wamelala, alipanda ngazi nje ya dirisha na kupitisha fimbo ya mwanzi kama tarumbeta, akijifanya ni jitu jema linalowapulizia ndoto nzuri chumbani. Wamama, mngapi mna bwana anayeweza kupanda ngazi usiku kwa ajili ya ndoto ya mtoto? Tunauliza tu.

Mwezi wa 12 mwaka 1960 wakiwa New York, mtoto wao wa tatu, Theo, mwenye miezi 4, alikuwa akisukumwa kwenye kigari chake barabarani. Taksi ikakigonga. Kichwa cha mtoto kiliumia vibaya, kikaanza kujaa maji, hali ambayo wengine kwetu bado wanaona ni uchawi. Madaktari walimwekea kimrija cha kuyatoa maji hayo, lakini kimrija kilikuwa kikiziba. Kila kikiziba mtoto alianza kupoteza macho, wakamrudisha kwenye kisu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ikaendelea hivyo.

Hapo ndipo yule rubani alipoamka ndani ya baba. Alikuwa na rafiki, Stanley Wade, fundi aliyekuwa akitengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea, zenye pampu ndogo sana za mafuta zisizoziba. Baba akajiuliza: kama mafuta yanapita kwenye pampu ndogo namna ile bila kuziba, kwa nini maji ya kichwa cha mtoto yasipite? Akamkutanisha fundi na daktari wa upasuaji wa ubongo, Kenneth Till, wa hospitali ya watoto ya London. Watatu hao, mwandishi, fundi na daktari, walitengeneza kifaa kipya, na waliamua wasijitafutie faida. Kilipokuwa tayari mwaka 1962, Theo alikuwa amepata nafuu na hakukihitaji tena. Kilitumika kwa maelfu ya watoto wa watu wengine.

Basi mngedhani familia hiyo imemaliza kulipa.

Mwezi wa 11 mwaka huo huo wa 1962, surua iliingia katika shule ya Olivia. Alikuwa na miaka 7, umri ule ule wa shangazi yake Astri alipokufa. Wakati ule Uingereza haikuwa na chanjo ya surua; ya kwanza ilipata ruhusa Marekani mwaka uliofuata. Kilichokuwepo ni dawa ya kukinga iliyotengenezwa kwa damu, nayo ilikuwa adimu. Mama alijaribu kuitafuta kupitia shemeji yake daktari. Ikapatikana ya mtoto mmoja tu. Wakampa Theo, kwa sababu kichwa chake kilikuwa tayari kimeumia. Nani kati yetu asingefanya vile? Lakini tunajua pia jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyorudi usiku.

Olivia akapata homa na vipele, kama watoto wote. Baba alikaa kitandani akimsomea. Siku chache zikapita na mtoto akaonekana anapona, kila mtu akatulia. Asubuhi moja baba alikuwa akimfundisha kutengeneza wanyama wadogo kwa nyaya laini zenye manyoya ya rangi. Zamu ya Olivia ilipofika, baba akaona vidole vyake havifuati akili yake. Alimuuliza anajisikiaje, akajibu kwamba ana usingizi. Baada ya saa moja hakuwa na fahamu tena. Katika muda wa masaa 12 alikuwa amekufa. Surua ilikuwa imeingia kwenye ubongo.

Tumesoma habari hiyo kwa sauti katika kikundi chetu, na mama mmoja alitoka nje. Wa kwake alikuwa na miaka 2. Naye alikuwa ameanza kupona, naye alisema ana usingizi, na mama yake akafurahi kwamba mtoto anapumzika.

Baba Olivia hakujua namna ya kulia mbele ya watu. Alipanda maua madogo ya milimani juu ya kaburi, aina nyingi sana, akayatunza kwa mikono yake. Nyumbani hakuweza kulitaja jina lake, na wengine wakanyamaza naye. Hatumsifu kwa hilo, maana tunaona katika nyumba zetu jinsi ukimya unavyowaelemea watoto wanaobaki. Alipokufa yeye mwenyewe, lilipatikana daftari la shule alilokuwa amelificha kwenye droo. Ndani yake alikuwa ameandika siku ya mwisho ya Olivia.

Tuseme pia kwamba alikuwa mtu mgumu. Mwaka 1965 Patricia, akiwa na mimba, alipasuka mishipa ya kichwani, akakaa majuma 3 bila fahamu. Alipozinduka hakuweza kutembea wala kusema vizuri. Bwana wake aliwapanga majirani kwa zamu, kila siku kwa masaa mengi, wamfundishe maneno upya. Wengine waliona ni ukatili. Mtoto, Lucy, alizaliwa mzima, na mama akarudi kwenye sinema. Ndoa hiyo hata hivyo ilivunjika baadaye. Aliwahi pia kusema maneno mabaya juu ya Wayahudi, na familia yake iliomba radhi kwa ajili hiyo mwaka 2020. Tunayaandika haya kwa sababu hatupendi kumkumbuka mfu kwa kumpaka sukari.

Kitu tunachomshukuru alikifanya mwaka 1986, akiwa na miaka karibu 70. Chanjo ya surua ilikuwa imekwisha kuwepo Uingereza kwa miaka mingi, lakini wazazi wengi walikuwa hawawapeleki watoto. Walisema maneno tuliyoyasikia juma lililopita. Ndipo yule mzee, aliyenyamaza zaidi ya miaka 20, akaandika barua kwa wazazi wa nchi yake na kuwaeleza yote: kitanda, nyaya za rangi, vidole, usingizi. Aliwaambia kwamba yeye hakuwa na chanjo ya kumpa binti yake, lakini wao wanayo. Alimtoa Olivia kwenye droo kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua. Barua hiyo inasambazwa hadi leo kila surua inaporudi mahali fulani. Alikufa mwaka 1990, akiwa na miaka 74.

Sasa turudi kwetu. Mnakumbuka mwaka 2019. Redio zote zilizungumza juu ya Ebola, tukanawa mikono kwenye kila mlango, tukapimwa homa kwenye kila barrière. Ebola ile ya Kivu ya Kaskazini na Ituri iliua watu zaidi ya 2.200. Wakati huo huo surua ilikuwa inatembea katika majimbo yote ya nchi yetu, na mwanzoni mwa 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6.000, wengi wao wakiwa watoto wasiofika miaka 5. Hakuna aliyeweka ndoo ya maji kwenye mlango kwa ajili yao.

Tunajua kwa nini chanjo zinakosekana, wala si uvivu wa wamama peke yake. Kuna mama anayetembea nusu siku na mtoto mgongoni, akifika anaambiwa arudi juma lijalo. Sababu yenyewe inafaa ieleweke: chupa moja ya chanjo ya surua mara nyingi ina vipimo 10, na ikishafunguliwa haipiti masaa 6, inatupwa. Kwa hiyo muganga akiona watoto 2 tu, anaogopa kuifungua. Tulipoelewa hilo, tulibadilisha mwenendo. Sasa tunakwenda kwa kundi, watoto 8 au 10 kwa siku moja, na hakuna anayerudishwa. Kuna vita pia, kuna kuhama, na kuna fishi ya chanjo iliyobaki ndani ya nyumba tuliyoikimbia. Na kuna mabwana wanaosema sindano itamtia mtoto homa. Ni kweli, homa ndogo inaweza kuja kwa siku moja mbili. Muonyesheni bwana ukurasa huu, maana aliyeandika ile barua alikuwa mwanaume, tena askari.

Chanjo ya kwanza ya surua mtoto anapewa akiwa na miezi 9, na nyingine inafuata baada ya mwaka wa kwanza; muganga ataandika tarehe kwenye fishi. Mtoto akikwisha kuugua, mpelekeni kituo cha afya mapema, maana kuna vitamini A anayopewa ili kulinda macho yake na kupunguza hatari. Mnyonyesheni, mpeni maji, msimfungie kwenye chumba cha giza. Na ukiona analala usingizi usio wa kawaida, au anashtuka kwa degedege, au anapumua kwa shida, au anakataa kunyonya na kunywa, usingoje asubuhi, hata kama vipele vimeanza kukauka. Olivia alionekana anapona.

Jambo moja dogo kabla ya kufunga ukurasa. Yule mtoto wa nne, Ophelia, alizaliwa mwaka 1964, hakumwona dada yake. Alipokua alikwenda Haiti, na mwaka 1987 alishirikiana na daktari Paul Farmer na wengine kuanzisha shirika la Partners In Health, linalotibu watu maskini. Tangu 2005 shirika hilo linafanya kazi pia Rwanda, ng'ambo tu ya Ruzizi, mwendo wa siku moja kutoka hapa Bukavu.

Siku ya chanjo ya watoto wa kikundi chetu ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, na tunaondoka pamoja kutoka kwa mama mwenyekiti. Chanjo ni ya bure. Aliyepoteza fishi aje vilevile, ataandikiwa mpya. Yule mama wa avenue yenye watoto watatu tayari amewachukua kwenda kwa muganga, na yule aliyesema "tu" ndiye aliyembebea mmoja.